Mashine Iliyopewa Ugonjwa

Fundi wa kompyuta alikuwa amelala kifudifudi kando ya mashine aliyokuja kuitibu. Mashine ilikuwa inavuma taratibu, nzima kabisa. Yeye alikuwa amekufa.

Inspekta alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye tabia ya kutazama chumba kizima kabla ya kumtazama maiti. Hii ilikuwa ofisi ya nyuma ya nyumba ya kawaida: meza pana ya kuchorea, ramani zilizoviringishwa, kiti cha ofisi cha kuzunguka. Kasha la kompyuta lilikuwa limefunguliwa ubavu. Kwenye skrini maandishi meupe yalisema kwamba kipimo cha memori kimekamilika na hakuna kosa lililopatikana.

"Nani huyu?"

"Binti mwenye duka la kompyuta pale kona, afande," Koplo alijibu. "Mtaa mzima unamwita Fundi. Aliyemkuta ni mwenye nyumba, mchora ramani za majengo. Anasema alitoka kununua wino, akarudi akamkuta hivi."

"Na mkewe?"

Koplo alishusha sauti. "Huyo ndiye wa kuuliza, afande. Ni mshonaji, cherehani yake iko chumba cha mbele. Majirani wanasema alimtukana marehemu barabarani, akasema ipo siku atamtoa roho."

"Watu husema mengi wakiwa na hasira."

"Ni kweli. Ila huyu kasema, na roho imetoka."

Daktari wa polisi aliinua nywele za marehemu kwa kidole chenye glavu. "Pigo moja tu, kisogoni. Tazama jeraha lenyewe. Mistari myembamba, imelingana, kama meno ya kitana. Hii si nyundo wala chupa."

Inspekta aligeukia rafu. Katikati ya vumbi palikuwa na alama ya pembe nne, safi, upana wa kiganja.

"Hapa palikuwa na nini?"

Mchora ramani alijibu akiwa ukumbini, ameegemea ukuta, macho mekundu. "Kipozeo cha zamani cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Fundi aliponiwekea kipya, hicho nikakifanya cha kugandamizia karatasi."

"Kizito?"

"Pande zima la aluminiamu, afande. Lina mapezi mengi, kama kurasa za kitabu."

Hawakukitafuta sana. Koplo alikikuta kwenye kikapu cha nguo cha mshonaji, kimefungwa kwa satini nyeupe. Kilikuwa kimefutwafutwa, lakini kati ya mapezi damu ilikuwa bado mbichi.

Mshonaji alikuwa ndiyo kwanza anaingia, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Alimtazama mumewe. Mumewe alitazama chini.

*

Kituoni, mshonaji alikaa wima kama aliyekuja kudai haki yake.

"Ulimchukia marehemu?"

"Nilimchukia."

"Kwa nini?"

"Afande, wewe umeolewa?"

"Hapa nauliza mimi."

"Basi nitakwambia. Kompyuta gani hiyo inaugua kila wiki? Mtoto wangu mwenyewe haugui hivyo! Siku Fundi anakuja, mume wangu ananyoa ndevu, anavaa shati la kutokea. Mimi nikimwita mezani nakauka koo. Fundi hajagusa mlango, yeye keshasikia hodi."

"Ulimwona leo?"

"Nilikuwa kliniki. Nikakumbuka nimesahau kadi, nikarudi. Nilipoingia nikamsikia huko ofisini anacheka. Kile kicheko chake, mwenyewe kakiachia. Nikachukua kadi, nikatoka. Ningekaa, ningefanya jambo."

"Kuna mtu alikuona ukitoka?"

"Nani ataangalia mke wa mtu akitoka kwake?"

Inspekta alitoa satini ndani ya mfuko wa ushahidi, akaiweka mezani. Mshonaji aliinuka nusu. Uso ambao haukutikisika alipotajiwa maiti sasa ulivunjika.

"Hii ni ya bibi harusi! Nani kaishika hivi? Nguo inachukuliwa Jumamosi, afande. Mwenyewe nitamwambia nini?"

Alilia kweli. Inspekta akamwambia Koplo ampe maji.

Nje ya chumba, Koplo alikuwa ameshatosheka. "Silaha kwake, sababu kwake, na kiapo kakitoa mbele za watu. Lisemwalo lipo, afande."

"Kikapu kile kilikuwa na nini kingine?"

"Vitambaa. Vipande vya kutupa, vimejaa tele."

"Mshonaji mwenye vipande vya kutupa tele, afungie damu kwenye satini ya mteja?"



*

Mchumba wa Fundi alikuja kituoni mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na vidole vyake vilikuwa bado na chaki. Alizungumza kwa adabu, kama mtu anayeogopa kwamba akiacha kuzungumza ataanguka.

"Tulikuwa tufunge ndoa mwezi ujao. Leo alinipigia simu akiwa palepale kazini, anasubiri kipimo kiishe. Nilimtania kuhusu viatu vya harusi. Alicheka sana." Alifuta chaki vidoleni. "Ndiyo mara ya mwisho."

"Aliwahi kukueleza habari za nyumba ile?"

"Mimi ndiye niliyemuuliza. Nitasema ukweli, afande, nilikuwa na wivu. Kila wiki nyumba ileile. Nikamwambia, mashine hiyo ina asali? Akaniambia, ina mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?"

"Hakujua. Mwanzoni ilikuwa inajizima ovyo. Akadhani memori ni mbovu. Akatoa vipande vyake, akapima kimoja kimoja, vyote vizima. Alipoingia kwenye mipangilio ya ndani akakuta memori imeongezwa kasi kupita uwezo wake, na prosesa imepunguziwa umeme. Akarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, mashine ikapona. Wiki iliyofuata, yaleyale. Mwisho akaifunga ile mipangilio kwa neno la siri."

"Neno hilo alimpa nani?"

"Mwenye mashine. Peke yake."

Inspekta alikwenda moja kwa moja maabara. Mtaalamu wa kompyuta wa polisi alikuwa ameiunganisha mashine ya mchora ramani na anakula karanga mbele yake.

"Kuipunguzia prosesa umeme si dhambi," alisema. "Watu hufanya ili mashine ipoe na feni zisipige kelele. Ukipunguza kidogo, inakushukuru. Ukizidisha, inazimia."

"Hii imezidishwa?"

"Leo Fundi aliiacha safi kabisa. Aliitengeneza, akapima na memori ili awe na uhakika. Lakini mtu amehifadhi mpangilio mbovu ndani yake, umekaa tayari. Unaingia kwa neno la siri, unabonyeza, ugonjwa unarudi. Nimelivunja neno hilo, nikaurudisha makusudi nione."

"Ikawaje?"

"Hapo ndipo penye utamu. Nimeipa kazi nzito, picha kubwa za majengo, saa nzima. Haikutikisika. Nikaiacha ipumzike niende kunywa chai, nikaikuta imezima. Nimerudia, hivyohivyo."

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

Mtaalamu aliweka karanga chini. "Ikiwa kazini, prosesa huvuta umeme wa kutosha. Ikipumzika, hujishushia umeme yenyewe. Sasa huyu mtu keshashusha, na yenyewe inashusha tena. Inakosa hata wa kupumulia. Mashine hii haifii mzigoni, mama. Inafia mapumzikoni."

*

Mchora ramani aliletwa siku ya pili, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Pole kwa yaliyokufika," Inspekta alianza.

"Asante, afande. Mke wangu ana hasira, lakini sikudhani atafika huko."

"Jana ulimwita Fundi kwa sababu gani?"

"Mashine ilizima."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Natoa picha ya jengo la ghorofa. Ikafika katikati, ikazima."

"Una hakika ilikuwa na kazi nzito?"

"Kabisa. Kazi nzito ndiyo inayoiua."

"Mambo ya volti na prosesa unayajua?"

Alitabasamu kidogo. "Mimi? Mimi ni mtu wa rula na penseli."

"Mtaalamu wetu ameipima. Kwa ule mpangilio, kazi nzito inaibeba bila kuzima. Inazima ikiwa imetulia. Kwa hiyo jana haikuzima. Uliitia ugonjwa, ukashika simu."

Tabasamu lilibaki mdomoni, halina mwenyewe.

"Mke wangu labda ndiye..."

"Mipangilio ina neno la siri. Unalo wewe."

"Labda Fundi alimwambia."

"Amwambie mwanamke aliyemtukana barabarani?"

Mchora ramani alivuta kola ya shati.

"Ulikifuta kipozeo," Inspekta aliendelea, bila kupandisha sauti. "Ulifuta mapezi. Chini yake kuna dawa ya kijivu, ile inayopakwa kati ya kipozeo na prosesa. Ilikuwa bado inanata, na humo kuna alama ya kidole gumba, imechanganyika na damu. Si cha mkeo. Kisha ukatafuta cha kufungia. Ukavuta kitambaa cha juu, ukatia damu nguo ya harusi ya mteja. Miaka yote umelala na mshonaji, hujui kitambaa kipi anakitupa na kipi anakilinda."

Nje, pikipiki ilipita. Mchora ramani aliweka viganja mezani, akavitazama.

"Ni yeye aliyenifundisha," alisema.

"Nani?"

"Fundi. Siku ya kwanza kabisa mashine ilikuwa inachemka, feni zinapiga kelele kama kiwanda. Akapunguza umeme kidogo tu. Feni zikanyamaza. Akageuka, akaniambia, 'Umesikia utulivu huo?' Nikausikia, afande. Sijawahi kusikia utulivu kama ule katika nyumba yangu."

"Ukaendelea kupunguza."

"Nilitaka arudi. Angekuja kwa sababu gani nyingine? Mwanzo nilichezea memori, lakini ilianza kuniharibia ramani. Nikabaki na prosesa. Nilikuwa napunguza kidogo kidogo, mpaka ugonjwa upatikane."

"Yeye alikutaka?"



"Alikuwa ananiita kaka."

"Jana kulitokea nini?"

"Alikuja amefurahi. Akanipa kadi ya mwaliko wa harusi, mimi na mke wangu. Mke wangu! Akaweka kipimo, akampigia huyo mwalimu wake. Nikamsikia anacheka. Afande, mwaka mzima nimemchekesha, hakuwahi kunichekea hivyo. Hata mara moja."

"Kisha?"

"Alipokata simu aliniangalia. Akasema, 'Neno la siri nilikupa wewe peke yako, kaka. Kumbe ni wewe.' Nikamwambia yote. Nikamwomba amwache yule mtu. Akasikitika. Hakukasirika, afande, alinisikitikia, na hilo ndilo lilinimaliza. Akasema akiolewa atahama, lakini kabla hajahama atakaa na mke wangu amweleze, maana dada wa watu amekonda kwa wivu na yeye ametukanwa bure. Akanipa mgongo afunge kasha. Nikawaza, anakwenda kwa mwingine, na ananiacha nimevuliwa nguo mbele ya mke wangu. Kipozeo kilikuwa karibu na mkono."

"Na mkeo ukamtupia maiti."

"Alikwisha sema atamuua. Nilijua wataamini."

Koplo akamfunga pingu.

*

Mshonaji aliachiwa huru mchana uleule. Inspekta alimsindikiza mwenyewe hadi kwenye ngazi, akamweleza yote bila kuficha, kwa sababu angeyasikia sokoni yakiwa yametiwa chumvi.

Alisikiliza hadi mwisho, mtoto amelala begani.

"Kwa hiyo hawakuwa na kitu?"

"Hawakuwa na kitu. Binti hakumtaka hata kidogo."

"Na alikuwa aje kwangu."

"Alitaka kukueleza, dada, upate kupumzika."

Mshonaji aliketi kwenye ngazi. Machozi hayakuja. "Nilijua kuna wivu ndani ya nyumba ile," alisema. "Nilidhani ni wangu peke yangu. Nilimwita kila jina chafu, afande, na yeye alikuwa akipita ananiamkia. Kila siku. Nikawa siitikii."



Mshonaji alimhamishia mtoto bega la pili, akasimama.

"Mama yake anakaa wapi?"

"Dada, msiba bado mbichi. Huenda wasikupokee."

"Najua. Nitakaa nje."

Inspekta alimwelekeza njia.