Nyota Tano kwa Nyamburi

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza nilitoka sokoni Musoma na furushi langu la vitenge, nikapita kwenye kibanda cha mdogo wangu Mugeta kupumzisha miguu. Mugeta ni fundi simu, lakini siku hiyo hakuwa na simu hata moja mezani. Alikuwa ameshika kigemu cha mkononi, kile kidogo chenye kioo katikati na vitufe pembeni, amekisogeza karibu na mdomo.

"Nyamburi," alikiambia. "Nyamburi, njoo."

Nyamburi ni bibi yetu, mama yake baba, na wakati huo alikuwa na miaka miwili kaburini. Nilicheka. Naliandika hili mapema ili mtu asije akasema dada mtu anajitoa kwenye lawama.

Mugeta alinieleza kwa furaha. Gemu nyingine za mapigano unabonyeza kitufe, shujaa wako anapiga. Hii haikuwa na kitufe cha kupiga. Ulimwandikia shujaa jina, kisha ukamwita kwa mdomo wako mwenyewe. Ukimwita kwa ukali alipiga, ukimwita kwa upole alirudi, ukinyamaza alikaa chini, na maadui wakammaliza. Kadiri ulivyomwita ndivyo alivyopata nguvu. Mugeta alikuwa amekosa jina la kuandika, akamkumbuka bibi aliyemlea.

Alikuwa na kundi la WhatsApp la wachezaji, watu kama thelathini wa Musoma, Bunda na Butiama, na kazi yao ilikuwa kutoa maoni. Kila gemu walipeana, wakaicheza, wakaipigia nyota, moja hadi tano. Neno la Mugeta ndilo lililosubiriwa, maana yeye hakutoa maoni kabla hajafika mwisho. Ndiyo ilikuwa sifa yake mjini. Nyumbani hakuwahi kumaliza hata ukuta wa choo.

Gemu ile iliwagawa. Clementi wa Kiabakari, ambaye ndiye aliyeileta, aliipa nyota mbili, akasema imemkausha koo na mkewe anamwona kichaa. Jamaa mmoja wa Bunda alisema shujaa wake ni kiziwi, anaitwa mara kumi anaitika mara moja. Mugeta akawajibu kwamba wa kwake huitika kabla hajaitwa. Akatuma na picha. Mashujaa wa wenzake wote walikuwa vijana wenye mikuki. Wa kwake alikuwa kikongwe, ameinama, anaburuta mguu wa kulia. Wakamuuliza kampataje huyo, na yeye akajibu kwamba hajui, kabadilika mwenyewe baada ya wiki ya pili.

Bibi yetu alivunjika mguu wa kulia akiwa shambani, ukaunga vibaya. Picha ile niliiona, maana Mugeta alikuwa ameniingiza na mimi kwenye kundi lao. Nikaifunga, nikaendelea kupima vitenge.

Sasa niseme jambo la ukoo wetu. Kwetu Butiama mtoto hachaguliwi jina, anachagua mwenyewe. Akizaliwa, mama anamshika kifuani, na wanawake wa nyumba wanawaita waliokufa, mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto akilisikia ananyamaza na kushika ziwa, ndilo lake. Huyo karudi. Na aliyekwisha kurudi haitwi tena kwa mtoto mwingine, maana ana mahali pake. Bibi Nyamburi alisema mbele yetu sote kwamba yeye atarudi nyumbani kwa Mugeta. Esther, mke wa Mugeta, alikuwa na mimba ya miezi saba wakati mumewe anamwita bibi kwenye kioo kutwa nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Tulidhani ni mchezo tu.

Mtoto alizaliwa Jumatatu, mwezi wa tatu, wa kike, kilo tatu na nusu. Jumanne tukamleta kwa mama yetu, mimi na Mugeta, huko Butiama. Alilia. Tukampa ziwa, akaligeuzia uso. Tukamrudisha zahanati, wakampima kila kitu, hawakuona tatizo, wakatufundisha kumnywesha maziwa ya mama kwa kijiko. Yaliingia, yakatoka. Jumatano mchana mama akasema tusingoje tena, majina yaitwe.

Mama aliita. Wakubwa wa baba, wadogo wa babu, mashangazi, hata wale waliokufa wachanga. Mtoto alilia tu. Nyamburi aliachwa mwisho kwa sababu tulikuwa na uhakika naye. Mama akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Nyamburi."

Mtoto akanyamaza. Esther akaanza kutabasamu. Lakini mtoto hakuelekea kwenye ziwa. Aligeuza kichwa, mtoto wa siku mbili, akatazama mlangoni. Pale mlangoni ulining'inia mfuko wa Mugeta.

Ndani ya mfuko mtu akasafisha koo.

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu mzima aliyeitwa akiwa amekaa mbali. Mugeta akaufungua kwa haraka. Kigemu kilikuwa kimezimwa. Betri yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, mwenyewe alikuwa ameitoa asubuhi.

Mama akakinyooshea kigemu kidole. "Hii jina umempa nani?" aliuliza.

Mugeta akaeleza. Alieleza taratibu, na kila alivyoeleza ndivyo uso wa mama ulivyozidi kuporomoka.

"Kwa hiyo ana mahali," mama alisema. "Mwanao anatafuta jina yake, wewe umeshaigawa. Mtoe humo. Leo."

Akakubali. Alisema kumfuta ni kazi ya dakika moja, ila chaja iko kibandani, akapanda pikipiki kwenda Musoma. Mimi nilimfuata mpaka barabarani, na huko ndiko aliniambia ukweli wake. Ilibaki hatua moja. Akimfuta sasa, miezi yote miwili imepotea, na kundi zima linangoja maoni yake.

"Siku moja tu, dada," alisema. "Nikimaliza namfuta."

Nilimwambia awahi. Hayo tu. Ningeweza kumnyang'anya, ningeweza kukitupa kwenye mawe, nina nguvu kuliko yeye tangu utotoni. Nilimwambia awahi.

Alhamisi simu yake haikupatikana. Mtoto hakulia tena, na kule kutolia kulikuwa kubaya zaidi. Alilala macho wazi, anatazama mlangoni. Ijumaa asubuhi tukakodi gari tumpeleke hospitali. Hatukufika. Alikata roho mikononi mwa Esther saa nne kasoro dakika chache, njiani. Dereva akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Saa nne kasoro dakika tano Mugeta alikuwa ametuma maoni yake kwenye kundi. Ninayo hadi leo. Aliipa nyota tano. Alisifu mandhari, alisifu sauti, akaandika kwamba mwisho wake hakuutarajia. Unaposhinda, bibi hashangilii. Anainama, anaokota kitu kidogo chini, anakifunga mgongoni, anaondoka. "Nilimwita lakini hakugeuka," aliandika. "Sikuona alichobeba."

Clementi alimjibu kwamba gemu yake haina mwisho huo.

Tulizika Jumamosi. Mchungaji aliuliza jina la marehemu, na watu wakatazama chini. Mugeta alikuwa amekivunja kigemu kwa nyundo, akaja na vipande ndani ya mfuko wa plastiki, sijui alitaka tumpongeze. Mama hakumsemesha. Mpaka leo hamsemeshi. Mimi namsemesha kwa sababu namjua mwenzangu kwenye dhambi hii.

Maziwa ya Esther yalimsumbua mwezi mzima. Mwezi wa nne yakakauka.

Mwezi wa saba mtu mpya akatoa maoni kwenye kundi. Anaitwa Baltazari, mkulima wa Bugwema, alikuwa amepewa gemu ileile na rafiki. Aliandika kwamba ni nzuri, inachangamsha, anaipa nyota nne. Moja kaipunguza kwa sababu ya mtoto anayelia. Analia tangu mwanzo hadi mwisho, na hajaona pa kumzimia.

Wachezaji wakamwambia kwamba hakuna mtoto kwenye gemu hiyo. Yeye akasisitiza kwamba yupo.

Esther aliyasoma kwenye simu ya mumewe. Hakulia. Alinipigia Musoma akasema, "Wifi, nisindikize Bugwema." Nilitaka kukataa. Nilishawahi kunyamaza mahali pa kusema, safari hii nikaona bora nimfuate.

Tulimkuta Baltazari anachambua pamba barazani. Ni mtu mpole, hakutuuliza sana. Alitupa mkeka, akaingia ndani, akatoka na kigemu. Akakiwasha.

Kilio kikatoka. Kidogo, cha kukatikakatika, chenye kikwaruzo mwishoni. Nilikuwa nimekisikia siku tatu mfululizo mwezi wa tatu. Nisingeweza kukosea.

"Zima," nilimwambia.

Alizima. Kioo kikawa cheusi. Kilio kikaendelea.

Baltazari alikitupa mkekani kama kimemchoma. Esther akakiokota. Akakishika kwa mikono miwili, akakilaza kifuani, akaanza kuyumba polepole mbele na nyuma. Hakuita jina lolote, hakuwa na la kuita. Kilio kikashuka. Kikawa pumzi. Kikaisha.

Alikaa hivyo karibu nusu saa, mimi na Baltazari tukitazama mbali. Kisha akakirudisha, akashukuru, tukaondoka.

Kwenye gari la kurudi Musoma simu yangu ilitetemeka. Baltazari alikuwa amerekebisha maoni yake. Nyota tano. Mtoto amenyamaza.

Niligeuka nimwonyeshe Esther. Alikuwa amesinzia, kichwa kwenye kioo cha dirisha. Kitenge chake kilikuwa kimelowa kifuani, pande zote mbili, na yule mama aliyekaa nyuma yetu akainama akanong'ona nimwamshe mwenzangu, bila shaka ameacha mtoto nyumbani.