Majani ya Mama Nelvine

Siku ya soko mjini Sotik, saa saba mchana, hupati hata kiti hotelini, sembuse soketi ya umeme. Hoteli ya karibu na stendi ilikuwa na soketi moja tu inayofanya kazi, na watu wawili waliifikia kwa wakati mmoja, kila mmoja na waya wake mkononi.

"Pole, brathe, hii nimeiona kwanza."

"Kuona si kuchomeka, madam."

Msichana ni Nelvine Chepkosgei, mchambuzi wa data katika kiwanda kimoja cha chai cha wakulima wadogo, upande wa Kaplong. Alivaa gauni la rangi ya haradali, koti la jinzi na gamubuti nyeusi, maana mvua ya asubuhi haikumwachia nafasi ya kupendeza miguuni. Kijana ni Obonyo, fundi wa data kutoka Kericho mjini, shati la samawati limenyooka kwa pasi, viatu vya ngozi vimejaa matope mekundu. Nawajua wote wawili. Hakuna kati yao aliyewahi kushindwa kwa hiari.

"Laptop yangu iko na asilimia nne," Obonyo alisema. "Na niko na presentation saa nane."

"Yangu iko na tatu. Na mimi niko na presentation saa nane." Nelvine alitoa ekstensheni mkobani, akaichomeka, kisha akamtazama. "Sasa omba vizuri."

"Tafadhali, mrembo."

"Wacha mrembo. Sema Nelvine."

Walipomaliza chapati na ndengu waligundua kwamba wanaenda chumba kimoja, mbele ya kamati moja, kupingana.

Kiwanda kilitaka ghala la data, yaani mahali pamoja pa kuweka rekodi za mizani, za mashine na za mnada, ili wakubwa wakiuliza swali wapate jibu bila kufungua majalada arobaini. Obonyo alitetea ghala la wingu, linalokaa kwenye intaneti. Nelvine alitetea seva ya kukaa hapo hapo kiwandani. Mwenyekiti, Mzee Mathew Kipkirui, aliwasikiliza mpaka akachoka.

"Nyinyi mnajua kubishana," akasema. "Chukueni rekodi ya miaka mbili, mweke kwa zote mbili, muulize maswali sawa. Mrudi baada ya miezi tatu mtuambie gani ni gani."

Miezi mitatu inatosha kulinganisha maghala. Inatosha pia kwa mambo mengine. Ghala la wingu lilijibu kabla hujameza mate, lakini mvua ikikata intaneti lilinyamaza kimya. Seva ilichukua muda wa kuchemsha chai, ila mvua haikuitisha. Obonyo alipiga simu kila jioni kuulizia matokeo, na matokeo yenyewe yalichukua dakika mbili za saa nzima ya maongezi.

"Sweetie, seva yako imeamka?"

"Imeamka. Na wingu lako?"

"Lilimaliza kitambo. Linauliza utakuja Kericho lini."

"Nikiitwa na mwenye wingu, nitakuja."

"Mwenyewe anakuita, dear. Anakuita sana."

Nelvine alienda, tena zaidi ya mara moja. Mwezi wa sita mama yake Nelvine alipolazwa hospitali ya Longisa wiki tatu kwa ajili ya mguu, Obonyo alifika mara mbili na supu kwenye themosi, akakaa kando ya kitanda, akimwita Mama Nelvine kama kila mtu anavyomwita.

Wakati huo huo Obonyo aliongeza rekodi za mwezi huo, akaliuliza kila ghala swali la mwisho akiwa peke yake, kwa sababu Nelvine alikuwa anauguza: ni nambari gani za wakulima ambazo kilo zake haziingii akilini? Siku ya kamati aliweka orodha ukutani bila kumwonyesha mwenzake kwanza.

"Ya kwanza ni hii, 0417," alisema kwa kujiamini. "Janeffer Chelangat. Huyu analetanga kilo kumi na tano kwa siku. Mwezi wa sita, ghafla, sitini, hata themanini. Shamba haikuongezeka. Ghala zote mbili zinakubaliana. Huyu ananunua majani ya wengine."

Kununua majani ni kosa la kufungiwa nambari, na mkulima aliyefungiwa hubaki akitazama chai yake ikizeeka shambani. Mzee Mathew akasema 0417 itafungwa Jumatatu ijayo kama hakuna maelezo.

Nelvine alisimama. "Huyo ni mama yangu," akasema, akatoka.

Obonyo alimkimbilia hadi kwenye korido. "Nelvine, ngoja. Sikujua!"

"Hukujua? Si ulimletea supu?"

"Namjua kama Mama Nelvine! Hakuna mtu aliniambia jina!"

"Na hukuuliza. Mama yangu si mwizi, Obonyo."

"Basi niambie hizo kilo zilitoka wapi."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa, na ningekuwa karibu ningemfinya. Nelvine alilijua jibu vizuri. Lakini hasira ilimziba mdomo, na aliona kuwa neno la binti wa mshukiwa halingepokewa na kamati. Akaondoka.

Siku tatu hakupokea simu. Ijumaa mchana akapokea.

"Unataka nini?"

"Wewe."

"Na kingine?"

"Kuelewa hizo kilo."

"Si uko na mashine mbili. Ziulize." Akakata.

Jumamosi asubuhi Obonyo aliviacha viatu vya ngozi nyumbani, akanunua gamubuti Kaplong, akafika kwa Janeffer. Mama alikuwa ameketi nje, mguu juu ya kigoda.

"Chamgei, Mama," Obonyo alisalimu kwa lugha ya kwao.

"Chamgei mising. Umekuja kunishika?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Mimi ndio niliweka jina yako kwa hiyo orodha kabla ya kuuliza."

Mama alielekeza kidole mlangoni. "Kikapu iko pale. Kuchuma unajua?"

Alijua. Mama yake, Akello, alichuma chai ya estate, yaani shamba kubwa la kampuni, miaka ishirini na miwili, na vidole vya Obonyo vilijifunza majani mawili na kichipukizi kabla ya kujifunza kompyuta. Shambani aliwakuta watu sita wakichuma. Aliyekuwa karibu naye alijitambulisha kuwa Mokeira.

"Wewe ni wa nyumba hii?" Obonyo alimuuliza.

"Mimi jirani tu. Mama bado hawezi kusimama. Akiwa hospitali, kila boma ilikuwa inapima kikapu moja ya majani yao kwa nambari ya Mama kila siku. Mimi nikijifungua walinifanyia hivyo. Kwani kwenu hamfanyi?"

Obonyo alizidisha vikapu kichwani, akazipata zile kilo zote. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nelvine alitoka kukamua, leso kiunoni, ndoo mkononi, akasimama.

"Nani amekuruhusu?"

"Mama."

"Najua umechuma vibaya."

"Angalia kwanza, ndio useme. Mimi nimejifunza hiyo."

Nelvine alitia mkono kikapuni, akapekua hadi chini akitafuta jani gumu. Hakulipata hata moja. Alijikaza asitabasamu, akashindwa nusu.

"Uliniumiza, Obonyo. Uliniumiza sana."

"Najua. Lakini na wewe ungeniambia."

"Kwetu hiyo si kitu ya kuambiana. Ni kama kukuambia tunakunywa chai."

"Nakupenda, Nelvine. Na mimi ni mjinga."

"Ya pili najua. Rudia ya kwanza."

Aliirudia, Mokeira akisikiliza bila aibu yoyote.

Jumatatu Nelvine alivaa suti ya kijani na kusimama kando ya Obonyo mbele ya kamati.

"Ghala zote mbili zilikosea sawasawa," alisema. "Mizani inaandika nambari ya mwenye shamba. Haiandiki nani ameleta kikapu, wala kwa nini." Akaeleza vikapu vya majirani, boma kwa boma, na Mokeira akiwa mlangoni kama shahidi.

Mzee Mathew alivua miwani. "Hata mimi nililetewa vikapu nikivunjika mkono. Kwa ukuta haikufanana hivyo." Akaigeukia kamati. "Nambari ya huyu mama haifungwi. Sasa, tuchukue ghala gani?"

"Seva," Obonyo alijibu. "Siku ya mvua ndio majani ni mingi, na siku ya mvua ndio intaneti inapotea."

"Na wingu liweke nakala," Nelvine akaongeza. "Seva ikiungua tusibaki tukishangaa."

"Tumeongeza safu mbili," Obonyo alisema. "Aliyeleta, na sababu. Tumejaribu na majani ya Jumamosi."

Rekodi ikatokea ukutani. Nambari 0417. Kilo kumi na moja. Aliyeleta, Obonyo. Mzee Mathew akairudisha miwani na kusoma sababu kwa sauti:

"Naomba kumwoa binti wa nyumba hii."

Chini yake palikuwa na maneno: Inasubiri idhini ya mchambuzi.

Chumba kizima kilimgeukia Nelvine.

"Obonyo, hii ni rekodi ya kiwanda."

"Ndio maana nimeandika ukweli."

Nelvine aliivuta laptopu, akaandika taratibu, na maneno yakajitokeza ukutani moja moja mbele ya kamati nzima:

Imekubaliwa. Lete wazee wako Jumamosi, Mama Akello akiwa mbele. Kikapu pia uje nacho, mguu wa mama haujapona.