Msiba wa Fundi Bato

Tik.

Sauti hiyo ilitoka ukutani, gizani, ndogo kama ukucha ukigonga sufuria, na Skola akafumbua macho. Ulikuwa mtambo ukijiwasha kabla ya jua. Kila alfajiri alijiambia kwamba leo hatasikiliza, na kila alfajiri alisikiliza.

"Amka, mama," ukuta ulisema kwa sauti ya mume wake. "Amka, mama mdogo wa baba. Umelala vizuri?"

Kando yake kitandani, binti yake Tegemea aliketi wima. Alikuwa na miaka minne. "Nimelala vizuri, baba," alinong'ona.

"Jana umelia?"

"Sijalia."

"Umepiga kelele?"

"Hapana, baba."

"Baba amefurahi. Baba yuko mbali, anajenga bwawa la jua kwa ajili ya taifa. Nyumba yenu ikiwa tulivu, baba atarudi."

Kisha mtambo ukaimba wimbo wa asubuhi, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea neno. Hapo ndipo Skola aliposhikwa na hasira kila siku, kwa sababu Bato hakuwahi kumaliza wimbo wowote maishani mwake. Angefika katikati, akasahau, akatia maneno yake mwenyewe kuhusu mbuzi aliyekwenda kufungua akaunti benki, na Tegemea angecheka mpaka apaliwe. Ukuta haukumjua mbuzi. Ukuta ulijua wimbo tu.

Mtambo huo uliitwa Sautirithi, na katika Jiji la Upole ulitolewa kama zawadi. Idara ya Utulivu ilikusanya kila neno ambalo mtu aliwahi kulisema kwenye simu, kwenye lango la kazini, kwenye foleni ya dawa, ikayasuka upya mpaka yakawa sauti inayoweza kusema lolote. Nyumba iliyopoteza mtu kwa mkono wa serikali ililetewa sanduku jeupe, likafungwa ukutani na vijana wawili wenye adabu sana. Jiji lilikuwa na silaha, na kila mtu alizijua: nyuki wa doria, vyuma vidogo vinavyoruka kwa makundi, vinavyosikia, na vinavyouma mara moja tu. Lakini nyuki peke yao huacha wajane, na wajane hupiga mayowe. Kwa hiyo nyuki walifuatwa na sanduku. Jijini hapo hakuna aliyewahi kuuawa. Kulikuwa na watu waliosafiri.

Bato Kihwele alikuwa fundi bomba. Mtaa wa Korongoni ulipogoma kula kiapo cha utulivu, mkuu wake wa kazi alimwamuru afunge maji ya mtaa mzima. Bato alisimama mbele ya vali kuu akiwa ameshika spana, akasema kuna watoto kule, wanahitaji kuoga kama wa kwenu. Skola alikuwa amemletea chakula, na alikuwa nje ya geti la kituo cha maji. Aliona nyuki wakishuka. Mwili hakupewa. Usiku uleule, Skola akiwa bado anapiga mayowe mbele ya mtoto, sanduku likaja, pamoja na sharti: hakuna msiba, hakuna kilio, hakuna kuvaa kaniki. Atakayesema nyumbani neno tofauti na la ukuta, mtoto wake atapelekwa Nyumba ya Malezi, akalelewe na wanaosema ukweli.

Skola alinyamaza. Alikuwa na mtoto mmoja, na alikuwa amewahi kupita mbele ya Nyumba ya Malezi. Watoto walicheza uani bila kutoa sauti.

Alidhani kunyamaza kungemlinda Tegemea. Mpaka jioni moja mtoto alipoanguka kwenye ngazi za ghorofa na kupasua mdomo. Skola alisikia kishindo, akangoja kilio. Hakikuja. Alishuka mbio akamkuta ameketi kwenye ngazi, amejisokomeza pindo la gauni mdomoni, macho yamejaa machozi, damu inachuruzika mpaka shingoni. Skola akamkumbatia, na yeye mwenyewe akaanza kulia.

Tegemea alitoa lile pindo mdomoni. "Mama, acha," alinong'ona. "Ulipiga kelele siku ile baba akaondoka. Sasa unamfukuza tena."

Usiku ule Skola alikaa jikoni akiwa na kikombe cha chai alichosahau kukinywa. Alielewa kwamba ukuta haukuwa umemficha baba tu. Ulikuwa umempa mtoto kosa la kubeba.

Skola alifanya kazi katika Idara hiyohiyo ya Utulivu, ghorofa ya chini. Alikuwa ameipata kazi hiyo kwa masomo ya jioni, akisoma mtoto amelala mapajani. Kazi yake ilikuwa kuufundisha mtambo vicheko. Aliketi na visikizio masikioni, akitenganisha kicheko cha aibu na cha dharau, cha furaha na cha hofu. Kazi hiyo ilianzishwa kwa sababu ya utani wa makabila. Miaka ya kwanza ya nyuki, harusi hazikuisha salama. Mngoni angesimama amwambie Mhehe kwamba wewe ni mateka wangu, babu zangu walimkamata babu yako, leo nakuuza sokoni; na mtambo, uliosikia tishio la kuuza binadamu, ungewashusha nyuki kwenye pilau. Vituo vya polisi vilijaa mabibi waliotukanana huku wakishikana mikono. Ikabidi Idara iwafundishe nyuki kwamba tusi likisemwa na mtani, watu wakicheka, ni mchezo, liachwe lipite.

Wakubwa wa ghorofa ya juu waliridhika. Kwao utani ulikuwa kelele za harusini. Hakuna aliyewaambia kwamba watani ndio wanaozika.

Bibi Efrazia Ngonyani alilijua hilo tangu utoto. Alikuwa mpishi wa kantini, Mngoni mnene mwenye mkono mwepesi wa nyama kwa anaowapenda. Siku iliyofuata alimwekea Skola sahani, akamwangalia macho yaliyovimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Cheka."

"Bibi?"

"Cheka, Mama Tege, sikio la mtambo liko juu ya friji pale." Yeye mwenyewe akaangua kicheko kikubwa, akipiga meza. "Mume wako Mhehe mjinga sana yule. Amekufa, hata kuniaga mimi bwana wake hakuniaga. Mateka gani anakufa bila ruhusa?"

Ilikuwa mara ya kwanza Skola kusikia mtu akitamka neno hilo. *Amekufa.* Alitazama juu ya friji. Taa ya sikio ilibaki ya kijani. Akajilazimisha, akacheka, na kicheko kikatoka kikiwa kimepinda.

"Jumamosi mchana nakuja kumzika," Efrazia aliendelea kucheka. "Niandalie ovaroli lake. Na watani wenzangu nawaleta, wala rushwa wote, watakunywa chai yako mpaka birika lilie."

"Tunazika nini, bibi? Hakuna mwili."

"Tunazika koti lake. Wewe unafikiri lile tumbo lake la kula mbwa lingetutosha shimoni?"

Skola alicheka kweli safari hii, kisha akainamia sahani. "Mtoto," alisema. "Sikio halikubali utani wa mtoto. Chini ya miaka saba halipimi kicheko. Linasema mtoto hachezi, mtoto anasema alichoambiwa. Akitamka, wanamchukua."

"Basi Jumamosi mfungie ndani."

"Nikimfungia ndani, nitakuwa namzikia nani?"

Bibi Efrazia akamwongezea nyama.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Uani, katikati ya maghorofa matatu, watu walikuja mmojammoja na visingizio vyao: wa kuazima chumvi, wa kumsalimia jirani, wa kutafuta kuku. Wangoni walikaa upande mmoja, Wahehe upande wa pili, wakaanza kurushiana maneno kuhusu vita ambavyo hata babu za babu zao hawakuviona. Nyuki walikuja, wakaning'inia juu ya kamba za nguo, taa zao za kijani.

Kisha Bibi Efrazia akatoka mlangoni mwa Skola. Alikuwa amevaa ovaroli la Bato, limembana kifuani, na mabuti yake. Alikuwa anatembea kama Bato, bega moja chini, kama mtu anayebeba sanduku la vifaa lisiloonekana. Watu wakapiga yowe la kicheko.

"Mimi Kihwele," Efrazia alisema kwa sauti nzito, "Mhehe kichwa ngumu. Nimeambiwa nifunge maji ya Korongoni, nimekataa. Nimekataa kwa nini? Kwa sababu sijawahi kuoga, nawaonea huruma wanaooga."

Watu wakacheka. Mzee mmoja wa Kihehe, aliyekuwa amefanya kazi na Bato miaka mingi, alicheka huku akijifuta macho kwa kofia.

"Nyuki wakaja. Nikawaambia, niumeni, mimi nina ngozi ya kiatu. Wakaniuma. Nikafa palepale getini, mjinga mimi, na spana mkononi. Hata spana hawakunirudishia, wezi wale."

"Wezi wale," ua mzima ukaitikia, ukicheka.

Na hivyo, mbele ya nyuki wenye taa za kijani, kifo cha Bato kilisimuliwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pakatajwa mahali, akatajwa aliyeamuru, kikatajwa kilichofanyika. Watani wakachimba shimo kwenye bustani ya maua ya serikali, wakaligombania koti, wakalivuta huku na huku, wakalilaza.

Tegemea alikuwa ameshika gauni la mama yake. Hakuwa amecheka. Alikuwa akilitazama lile ovaroli, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo Skola hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

"Mama," alinong'ona. "Baba amerudi?"

Hapo Skola alijua kwamba utani, uliowatosha watu wazima wote pale, haukumtosha mtoto wake. Mtoto hawezi kupewa msiba uliovaa nguo za mchezo. Alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi. Alijua vicheko vyote vya jiji hilo, na hakutumia hata kimoja.

"Yule ni Bibi Efrazia. Baba hatarudi, Tege. Baba amekufa. Anayeongea ukutani ni mashine, imeiba sauti yake. Hukumfukuza wewe. Mimi pia sikumfukuza. Wamemuua kwa sababu alikataa kuwanyima watoto maji."

Juu yao, taa ya nyuki mmoja ikawa nyekundu. Kisha ya pili. Wakaanza kushuka.

Bibi Efrazia akacheka. Alitupa kichwa nyuma akacheka kwa nguvu zake zote, na ua mzima ukamfuata, Wangoni na Wahehe na majirani wasio watani wa mtu, wakacheka machozi yakiwatiririka, wakashikana mabega, wakamzunguka mama na mwana kwa kicheko kama ukuta. Ni Skola peke yake aliyetambua kwamba kicheko kile mtambo haukukijua. Hakuwahi kukifundisha kwa mtambo, kwa sababu hakuwahi kukisikia. Nyuki wakayumba hewani. Nyekundu, kijani, nyekundu. Mwishowe wakapanda juu na kuning'inia, hawajui wafanye nini.

Mtambo ukichanganyikiwa, huja mtu. Afisa Malezi wa mtaa, Bwana Damiani, aliingia uani baada ya muda mfupi, shati limepigwa pasi, uso wa mjomba mwema. Kicheko kikafa.

"Mnafanya nini hapa?"

"Utani, mheshimiwa," Efrazia alisema ndani ya ovaroli. "Nyuki wako wenyewe wameruhusu. Karibu chai."

Damiani alitazama shimo, akatazama mabuti. Hakuwa mjinga. "Watu wazima mna utani wenu," alisema. "Sawa. Lakini mtoto hana utani. Tumuulize yeye." Alichuchumaa, akatoa pipi mfukoni. "Hujambo, mrembo?"

Tegemea alimtazama mama yake.

Hapo Skola angeweza kumkazia jicho. Jicho moja tu lingetosha. Mtoto alikuwa amezoezwa vizuri. Angesema *amesafiri*, Damiani angeandika, jioni wangekula ugali wao, na kesho alfajiri ukuta ungemuuliza kama amelia. Skola alihisi watu wakisogea nyuma yake, bega kwa bega. Yule mzee wa Kihehe alikuwa amehama, amesimama kati ya afisa na lango, kofia mkononi, na majembe yaliyochimba shimo yalikuwa bado mikononi mwa wenyewe.

"Muulize," Skola alisema. "Sitamziba mdomo. Na ukitaka kumchukua, utatuchukua sisi sote, mmojammoja, mchana huu, watu wakiona."

Damiani alipepesa macho kuelekea madirishani. Kwenye kila ghorofa watu walikuwa wamejitokeza, wameegemea kingo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imepungua.

"Baba yako yuko wapi, mama? Nijibu polepole tu, sikioni hapa, wengine wasisikie."

Tegemea hakuipokea pipi. Aliachia gauni la mama yake, akavuta pumzi mpaka tumbo likajaa, kama alivyokuwa akifanya zamani, kabla ya sanduku jeupe, alipotaka kumwita mtu aliye ghorofa ya juu kabisa.

"Baba yangu amekufa."