Indiamu Hubebwa Mgongoni

Jengo la mafundi simu lilifurika Jumamosi ile. Muziki wa kibanda kimoja ulipigana na muziki wa kibanda cha pili, harufu ya gundi ilipanda hadi darini, na kila mtu alikuwa akimharakisha mwenzake. Mbele ya meza ya fundi mmoja alikuwa amebanwa msichana mwembamba, gauni lake la rangi ya maziwa limeshakunjamana. Simu yake iliyopasuka kioo ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kifaranga mgonjwa.

"Vioo vimepanda, dada'angu," fundi alisema bila kuinua macho.

"Vimepanda kwa nini?"

"Mimi nitajulia wapi? Huko vinakotoka wamepandisha."

"Si kioo kilichopanda," ilisema sauti ya mwanamume nyuma yake. "Ni kile kinachopakwa juu ya kioo ili kisikie kidole. Indiamu."

"Ehe, mtaalamu!" fundi alidakia. "Na hiyo indiamu kilo ni bei gani?"

"Kwa heshima na taadhima, sina la kusema."

Msichana aligeuka kwa kasi, mkoba wake ukampiga mtu yule kifuani. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akiisikia sentensi ile sikioni mwake kila asubuhi.

"Bwana Kilo?"

Mwanamume alimtazama. Shati jeupe lililonyooshwa vizuri, mikono imekunjwa hadi viwikoni, macho ya mtu asiyelala sana.

"Dada Bei? Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilidhani Kilo ni mtu wa kilo." Alimpima kwa macho, kisha akaona haya kwa alichokisema. "Kumbe gramu."

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

Msichana alikuwa mwandishi wa bei. Indiamu haina soko ambako watu husimama na kuitangaza kwa sauti. Anayeiuza na anayeinunua hupatana kimya kimya, kwa simu. Kwa hiyo ofisi yake, iliyotoa jarida la bei za madini, ilimlipa awapigie watu hao mmoja mmoja, awaulize wamepatana kwa kiasi gani, halafu aandike bei ya wiki. Mwanamume alikuwa muuzaji wa kiwanda cha kuyeyusha zinki, upande wa pili wa jiji. Walijuana kwa sauti tu. Majina ya utani walipeana hukohuko kwenye simu.

Simu ilibaki na ufa wake, na alasiri ile hawakuachana. Walikaa mgahawani, chai ikapoa, wakaagiza nyingine, nayo ikapoa.

"Nieleze," msichana alisema. "Naandika habari zake kila wiki, na sijawahi kuiona."

Kilo alitoa mfukoni kipande kidogo chenye mng'ao wa fedha, akakisogeza karibu na sikio la msichana na kukikunja kwa vidole. Kilitoa sauti nyembamba, kama kitu kinacholia kwa siri.

"Jamani! Inalia!"

"Inalia, masikini. Haina mgodi wake. Hakuna anayechimba akitafuta indiamu. Watu wanachimba zinki, wanaiyeyusha, na kwenye mabaki ndimo tunamoiokota. Ni mtoto anayebebwa mgongoni. Hata bei ikipanda mpaka mawinguni, hatuwezi kuongeza mzigo kama zinki yenyewe haijaongezeka."

"Mama akikaa, na mtoto amekaa."

"Umeona! Wewe una akili kuliko meneja wangu."

Aliomba kisu, akakikata kipande kile katikati kama anayekata siagi, akampa nusu. "Vikiwa safi, ukivigandamiza tu vinashikana. Havihitaji moto."

"Na vikiwa vichafu?"

"Utagandamiza mpaka kucha ziume."

Mapenzi yakashika. Wakajiwekea sharti: asubuhi wao ni mwandishi na muuzaji, jioni hawajui indiamu ni nini. Asubuhi ilikuwa, "Bei ya leo, Bwana Kilo?" na jibu lilikuwa lilelile, la heshima na taadhima. Jioni ilikuwa, "Laazizi, umekula?" na, "Nitakula vipi, umenijaa mpaka kooni?" Msichana angecheka peke yake jikoni, dada yake anayeishi naye akimtazama kwa jicho la pembeni.

Lakini Jumapili moja, wakiwa mezani, Kilo alilivunja sharti bila kujua. "Kuanzia wiki hii nitakuwa na nafasi tele, mpenzi. Tanuru la zinki linazimwa. Matengenezo, tena marefu."

Kijiko cha msichana kilisimama hewani. Habari ile aliipata tangu Ijumaa kutoka kwa mtu mwingine, na ilikuwa imeshakwenda mtamboni, itoke Jumatatu. Angeweza kusema, "Najua." Lakini angeulizwa, "Umejuaje?" na alikuwa ameahidi kutomtaja aliyempa. Akala kimya. Ukimya huo ndio uliomponza.

Jumatatu jarida lilitoka. Tanuru kuzimwa, indiamu kuadimika. Hadi saa za chakula cha mchana bei ilikuwa imeruka, na wateja aliowaahidi Kilo mzigo kwa bei ya zamani walikuwa wakipiga simu kwa meneja, wakipiga kelele.

Safari hii Kilo ndiye aliyepiga.

"Umenichimbia kaburi."

"Kilo, nisikilize..."

"Nimekuambia jana, leo imeandikwa! Meneja anasema siri imetoka kwangu, ameniambia nikae nyumbani mpaka niitwe. Na sijui kama nitaitwa."

"Sikuichukua kwako. Naapa."

"Kwa nani, basi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi? Kazi yangu inakwenda na maji, na huwezi? Mtaje huyo mtu, nami nitakwenda kwa meneja sasa hivi, yaishe."

"Nikimtaja yeye leo, kesho nitakutaja wewe."

"Maneno mazuri. Yaandike kwenye jarida lako." Simu ikakatika.

Tangu siku ile msichana hakutulia. Alikaa, akasimama. Alifungua dirisha, akalifunga. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

"Zulia litatoboka," dada yake alisema. "Kaa basi, mdogo wangu."

"Nikikaa naona ninachelewa."

"Unachelewa wapi?"

"Sijui, dada. Ndiyo shida."

Ofisini alikwenda kwa mhariri, mzee aliyeishi na miwani juu ya paji la uso, akamwomba amwondoe kwenye indiamu.

"Umekosea hesabu?"

"Hapana. Nampenda mmoja wa watu wanaonipa bei."

Mzee aliishusha miwani amwone vizuri. "Hilo ungeniambia kabla hujaanza kuja kazini umejipaka wanja. Haya, indiamu nitaibeba mwenyewe. Wewe shika risasi. Na uangalie usimpige mtu."

Kilo naye alikuwa hana pa kujiweka. Chumba kilimbana, barabara zilimchosha. Mwishowe alikwenda kwa mama yake, ambaye alikuwa akiezekesha nyumba ya uani, akapanda ngazi kumsaidia fundi wa paa. Upande mmoja wa paa ulikuwa umefunikwa, wa pili uko wazi, na fundi amekaa juu ya boriti anatafuna njiti.

"Mbona hupigilii?" Kilo alimuuliza.

"Nipigilie nini, kaka? Mabati yamekwisha. Nilimwambia mama tangu mwezi uliopita, nunua yote kwa pamoja. Kiwanda cha mabati kilishatuambia zinki ya kuyapaka itakatika, tanuru kubwa huko inakotoka linazimwa. Fundi gani hajui?"

Nyundo ilibaki hewani mkononi mwa Kilo.

"Tangu mwezi uliopita?"

"Jiji zima linajua!"

Mama yake alikuwa chini, ameshika ngazi, kanga ameifunga kiunoni. Kisa cha mwanawe na yule binti alishakisikia mara nyingi kuliko alivyotaka.

"Si wewe uliyetuchosha masikio humu ndani?" alisema. "Indiamu anabebwa mgongoni na zinki, indiamu anabebwa mgongoni na zinki. Sasa mama akilazwa, nani asiyejua kwamba mtoto hatembei? Mtoto wa watu umemtukana bure. Shuka kwenye ngazi yangu."

Alishuka. Mpaka anafika chini alikuwa amelielewa na lile jingine: binti angeweza kujiokoa kwa kutaja jina moja tu, na hakulitaja.

Alimpigia meneja kwanza. "Bosi, wateja wote wa zinki tuliwaambia mapema wajipange. Wauza mabati, mafundi, wote. Ilihitaji mtu mmoja tu wa kuunganisha zinki na indiamu."

Meneja alikohoa. "Njoo kazini kesho," akasema, na kukata simu.

Halafu Kilo akampigia msichana. Iliita, haikupokelewa. Akapiga tena. Na tena. Mwisho akapiga ofisini, sauti ya yule mhariri mzee ikajibu.

"Hayupo. Na kama unataka kutoa bei ya indiamu, nipe mimi. Yule aliomba kuiacha."

"Kuiacha? Kwa nini?"

"Kuna kijana mmoja mjinga. Unamfahamu?"

"Namfahamu sana, mzee."

"Basi mwambie simu ya binti imekufa kioo. Anaona jina lake likiwaka, anagusa, haipokei. Ametoka hapa mbio kama anafukuzwa na nyuki. Amekwenda kwa fundi."

Kilo alilikuta jengo la mafundi simu limejaa kama siku ya kwanza. Alipenya kwa mabega, shati limemwagikiwa na soda ya mtu. Msichana alikuwa mbele ya meza ileile, gauni la bluu safari hii, anagongagonga kidole mezani huku fundi akimwambia, "Dada, ukinihimiza hivyo nitaubandika mkono wangu."

Aligeuka, akamwona.

"Usiniulize ni nani aliyeniambia," alisema haraka, kabla ya salamu.

"Siulizi. Na usije ukaniambia, hata tukizeeka."

Macho ya msichana yalijaa. Alifungua mkoba, akatoa nusu yake ya kile kipande, imefifia kwa poda na vumbi la mkobani. Kilo alitoa yake. Wakavigandamiza. Vikaachana.

"Niambie samahani kwanza," msichana alisema.

"Samahani. Nilikuhukumu kabla sijakusikiliza."

"Na mimi nilinyamaza Jumapili. Ningekwambia tu, 'Usiniambie zaidi.' Samahani."

Fundi, bila kuulizwa, alisukuma wembe mdogo juu ya meza. Kilo alikwangua nusu moja, msichana nyingine, mpaka fedha mpya ikang'aa. Wakavigandamiza tena. Vilishikana, vikatulia.

"Kwa heshima na taadhima," Kilo alisema. "Nina la kusema."

"Sema basi, bwana, watu wako kwenye foleni!" fundi alimkemea.

"Nataka kukuoa."

Msichana aliinamisha uso, kisha akauinua. "Hiyo ni kauli rasmi, Bwana Kilo, au ya pembeni?"

"Rasmi. Iandike. Na safari hii unitaje jina, kwa kila mtu unayemjua."

"Nimekubali," alisema polepole, na foleni nzima ikamsikia.

Fundi alimkabidhi simu. Aligusa kioo kipya, kikamsikia kidole mara moja, akaiweka sikioni.

"Dada? Sasa wewe ndiye ukae. Nina habari, na mwenyewe ameniruhusu nimtaje."