Mfinyanzi wa Boma la Juu

Wilson alirudi na udongo mbichi kwenye kola ya shati, na hapo ndipo Angetile alipoanza kuumia moyoni. Hapa Ikombe udongo ni kazi ya wanawake. Mwanaume hubeba vyungu kwenye mtumbwi hadi sokoni, basi. Alama ilikuwa ya dole gumba, dogo, la kike, limebonyezwa karibu na shingo ya mumewe kwa utaratibu kabisa.

"Nimejisugua ukutani," Wilson alisema.

Ukuta gani una dole gumba? Angetile alishajua mchawi wake ni nani: Janeth, yule dada wa Mbeya mwenye kicheko kirefu, aliyekuja na mwenzake Humphrey kurekodi sauti za mizimu katika boma la Wajerumani kule kilimani, na kumwajiri Wilson awaongoze. Watu husema kuna mfinyanzi aliyeolewa na askari wa boma hilo, askari akaenda vitani, na mwanamke bado anangoja mume. Angetile hakuwa na wasiwasi na marehemu. Wasiwasi wake ulikuwa kwa huyu aliye hai anayejipaka mafuta ya kunukia.

Kwa hiyo walipojiandaa kuvuka kwa mtumbwi kwenda kulala huko bomani, alibeba birika. "Nitawapikia chai," alisema, na Wilson akakuna kichwa.

Boma halina paa. Walitandika mkeka katika chumba kikubwa, Janeth akaweka kinasa sauti dirishani, Humphrey akazima taa.

"Kama upo, tuambie unataka nini," Janeth aliuliza gizani, taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.

Wakangoja hadi Humphrey akaanza kukoroma. Angetile alijiapiza hatalala, akalala.

Kilichomwamsha ni sauti aliyoijua tangu utotoni: kipande cha kibuyu kikikwangua chungu kibichi, kwaru, kwaru, kikipumzika, kikianza tena. Harufu ya udongo uliolowa ilijaa hadi kooni. Alinyoosha mkono kumgusa mumewe, akakuta mkeka mtupu na baridi, naye akainuka akipapasa ukuta, akiifuata ile sauti hadi mlango wa chumba cha pili, na humo, kwa mwanga wa mwezi, akamwona Wilson ameketi chini, ametulia, amefumba macho, na nyuma yake mwanamke ameinama, akimpapasa shingo kwa kiganja kimoja na kumkwangua mabega kwa kipande cha kibuyu, akimzunguka polepole, kama mfinyanzi anavyozunguka chungu chake, bila haraka, kama mtu aliye kwake.

Wivu ulimpanda hata woga ukakosa pa kukaa. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini inayotetemeka:

"Kumbe ndicho ulichofuata huku, dada. Unamtaka? Basi mchukue. Nimekupa."

Mwanamke aliacha kukwangua.

"Mama," Janeth alinong'ona nyuma yake, usingizi bado umemjaa, "unaongea na nani?"

Angetile aligeuka. Janeth alikuwa amesimama na shuka lake, miguu peku. Taa ilipowashwa, chumbani alikuwa Wilson peke yake, mabega yamelowa udongo.

Asubuhi walisikiliza kinasa sauti. Kukoroma, upepo, kwaru, kwaru. Kisha Angetile akaisikia sauti yake mwenyewe, kwa mbali: mchukue, nimekupa. Halafu sauti ya mwanamke, karibu sana, kana kwamba mdomo umegusa chombo: "Ndaga."

"Amesema nini?" Humphrey aliuliza.

"Ameshukuru," Angetile alijibu. "Kizime, baba. Nakuomba."

Alimshika Wilson mkono hadi nyumbani, hakumwachia hata mtumbwini. Alimwogesha mara tatu; maji yalitoka na udongo mara zote tatu. Mchungaji alikuja, akaomba, akaondoka akisema Wilson sasa yuko salama. Angetile akakaanga samaki mkubwa aina ya mbasa, akasonga ugali, akamtazama mumewe akila vizuri, akimaliza yote, na machozi ya furaha yakamtoka. Mume wake ni wake.

Jua lilipozama, Wilson alinawa mikono, akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Ndaga, dada, kwa chakula," alisema. "Ngoja niwahi nyumbani. Mke wangu ananisubiri."