Kanuni Iliyopitishwa Wakati wa Mvua

Tulinagwe alikuwa akipunguza majani ya migomba mbele ya nyumba yake pale Tukuyu. Mara Mzee Hezron, mwenyekiti wa umoja wa wenye nyumba wa mtaa, akapiga hodi.

"Mama, samahani. Katiba yetu inakataza migomba mbele ya nyumba. Ikate kabla mwezi haujaisha."

"Mwenyekiti! Migomba hii niliipanda na marehemu mume wangu. Wajukuu watakula nini? Nani kapitisha kanuni hiyo?"

"Hata wewe ulinyoosha mkono."

Ni kweli, aliunyoosha. Siku ya mkutano ule mvua ilipiga bati, wanachama wakaona midomo ya Hezron ikicheza tu. Watu walinyoosha mikono ili wawahi nyumbani. Na katiba yenyewe ilinakiliwa kutoka kwa umoja mmoja wa jijini, ambako watu wanapanda maua.

Jioni alikwenda kwa jirani yake Janeth, afisa maendeleo ya jamii, mwenyeji wa Singida. Tulinagwe alimweleza yote, karibu alie.

"Usikate, mama, wala usigombane na mtu," alisema Janeth. "Katiba ni yenu, mnaweza kuibadilisha. Andikeni pendekezo, mpeni katibu. Wanachama wote wapewe taarifa mapema. Kisha mkutano mkuu upige kura. Katiba yenu inataka theluthi mbili. Wakija thelathini, ishirini wakubali."

"Kumbe! Nilidhani ikishaandikwa, basi."

"Lakini mwenyekiti naye ana hoja gani?"

Tulinagwe akaona aibu. Majani yake makavu huziba mtaro, na maji huingia kwa Hezron. Basi wakaandika hivi: migomba iruhusiwe, ikae mbali na mtaro, na mwenye nayo azoe majani.

Siku ya mkutano Hezron alisimama asome. Mvua hiyo! Bati likanguruma, mikono ikaanza kunyooshwa.

"Shusheni mikono!" alipaza sauti Tulinagwe. "Leo hatupitishi tusichokisikia!"

Akafunua kapu la ndizi za kuchemsha. Watu wakala na kutaniana mpaka mvua ikakatika. Ndipo pendekezo likasomwa, wakauliza maswali, likapita kwa kura nyingi. Hezron alinyoosha mkono mmoja, wa pili umeshika ndizi.

Kesho yake Tulinagwe aling'oa migomba iliyokuwa ukingoni mwa mtaro, akapanda machipukizi yake karibu na ukuta. Alifurahi mno. Hezron akapita, akautazama mtaro ulio safi.

"Ndaga fijo, mama. Asante sana. Na mkungu ule ukikomaa?"

"Upige hodi, mwenyekiti. Ila safari hii katiba uiache nyumbani."