Unga Mweusi wa Clémence

— Clémence, usikate simu. Basoda banasema niko na poda ya bombe!

Clémence aliganda katikati ya maabara, kati ya chupa zake za maji ya kijani. Wiki nzima mchumba wake Katsuva hakuwa amempigia, tangu siku alipomtupia maneno: "Ile maji yako ya kijani unaipenda kunipita miye."

— Uko wapi?

— Kwa bariere, barabara ya Kpandroma. Nilienda kukuchukulia ile unga ya kaboni yenye ilitoka Kampala. Nilitaka tupatane.

Simu ikakatika. Akaandika haraka: "Usibishane na mutu. Ninakuya." Jibu halikuja.

Baada ya mapigano, watu walikuwa wameanza kuipita barabara ile juzi juzi tu, na bado kwa hofu. Clémence alipakia kikapuni chupa zake za mwani, nyaya, na saa ndogo isiyo na betri, akapanda pikipiki. Njia nzima aliomba Mungu.

Kwenye kizuizi cha wanajeshi alimkuta Katsuva ameketi chini, bila viatu, mikono imefungwa nyuma. Mbele ya kapitene wao akaunganisha chupa na saa kwa nyaya; tarakimu zikawaka.

— Eti hii maji inatoa courant ya umeme? aliuliza kapitene.

— Ndiyo, kapitene. Ndani iko vidudu vya kijani. Vinakula jua, vinatoa courant kidogo. Ile unga iko laini kupita vumbi, inasaidia courant itoke mu vidudu, ifike ku waya. Haiwezi kupasuka.

Kapitene akavua koti lake, akazifunika chupa zote. Wakasubiri. Tarakimu za saa zikafifia, zikazimika.

Akaondoa koti. Jua likapiga kwenye chupa. Hakuna kitu.

Kisha tarakimu zikarudi, moja moja.

— Mumufungue, kapitene alisema. — Lakini unga inabaki, mpaka bakubwa baiangalie.

Katsuva akakataa kusimama.

— Bila unga siendi! Huyu mwanamuke ameingojea sana, na miye nilimutukana juu yake.

— Katsuva, simama! Clémence alipiga kelele huku machozi yakimtoka. — Unga nitatafuta ingine. Weye, nitakupata wapi tena?

Akasimama. Kwenye pikipiki Katsuva alimshika Clémence kiunoni mpaka mjini.

— Unisamehe, mama.

— Nyamaza. Kesho uende kwetu, uongee na baba juu ya ndoa.

Walifunga ndoa katika kanisa la Nyakasanza. Unga haujarudi mpaka leo. Na kila mara barabara ile ikifungwa, Clémence huacha kila kitu, akampigia mume wake, asikie tu sauti yake.